Ncha ya Kipimajoto

Pipa la kukaangia korosho lilitetemeka mpaka vikombe vya chai vikacheza mezani. Kipimajoto cha zamani kilikuwa kinachelewa. Mshale ukipanda, korosho zimeshaungua. Fundi Somoe akachomeka kipya, ncha yake nyembamba kama sindano ya kushonea mikeka.

"Itakatika hiyo, mwanangu," alisema Bi Nangoma, mkaangaji. "Na tukiunguza tena leo, tajiri anafunga kiwanda."

"Nimeivalisha bomba mpaka shingoni, mama. Ncha tu ndiyo iko nje, ipate joto upesi."

Pipa likapamba moto. Mara mshale ukafika kwenye alama nyekundu, ukatulia.

"Toa!" Somoe alipaza sauti.

"Harufu bado, we!"

"Harufu inakuja zikishaungua, mama. Toa!"

Bi Nangoma akavuta mlango wa pipa. Akaokota korosho moja, akaipuliza, akaiweka kati ya meno. Kiwanda kizima kikatazama taya lake.