Utetezi Ghorofa ya Tatu

Mwanakheri alifika chuoni kwenye kiti chake cha magurudumu, tayari kutetea tasnifu yake ya uzamili kuhusu usawa na ujumuishi. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti.

"Walinzi watakubeba, kama siku zote," alisema msimamizi wake, Dokta Shekifu, akiwa ngazini.

Kwa miaka miwili Mwanakheri alikuwa akibebwa hivyo, akishukuru kila mara. Leo hata shukrani zilikuwa zimemwishia.

"Nimechoka kubebwa, Dokta. Tafadhali waombe watahini washuke."

"Maprofesa watatu?"

"Nitawasubiri."

Dokta aligeuka, akapanda polepole. Mwanakheri aliiweka tasnifu mapajani, akafumba macho. Huko juu, viti vilianza kuburutwa, watahini wakiinuka.