Kakakuona Aliyegeukia Maji

Mzee Anselmi alikuwa anasugua kipande cha mshumaa ukutani. Taratibu, gamba moja baada ya jingine, kama mtu anayemkanda mgonjwa mgongo.

"Babu, sasa unamfanyia masaji," akasema Salma, muuza chai wa kibarazani hapo.

"Huyu ngozi yake ya kutunzwa."

Mwenyewe alikuwa kakakuona, mkubwa kama ng'ombe, kachorwa kwa rangi ya mafuta, nyekundu na njano, kwenye ukuta wa nje wa ile nyumba ya zamani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mbele yake unga, panga na bakuli la maji. Maana kwao mzee, Masasi, kakakuona akionekana, wazee wanamwekea vitu hivyo waangalie anaenda wapi. Akienda kwenye unga, mwaka wa shibe. Akienda kwenye panga, vita. Huyu wa Mzee Anselmi pua kaigeuzia kwenye maji, na mwaka wenyewe vuli haijadondosha hata tone. Watu wakacheka sana.

Salma alimchekea jingine. Miaka yote mzee alifundisha vijana kuchora hapo kibarazani: kwanza rangi ya chini, ubao wote, ikikauka ndiyo mnyama. Sasa yeye mwenyewe ukuta kauacha mtupu, plasta kuukuu tu, mnyama kama kaning'inia.

"Umetia mchuzi kabla ya wali, babu."

"Wali utakuja."

Basi, nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya, Abdulhamid, mtu wa Magomeni, hakuwa mtu mbaya, ila alitaka ukuta mweupe aukodishe kwa matangazo. Akaleta fundi. Fundi Mgogo yule; akamtazama mnyama, akakunja brashi zake, akasema huyu kwao hafunikwi, huyu anaitiwa wazee. Fundi wa pili akasema ana homa. Wa tatu hata simu hakupokea.

Abdulhamid akanunua chokaa, akapanda ngazi mwenyewe na kanzu yake. Wauza vitenge wakaacha wateja, wabeba mizigo wakatua mizigo. Mzee Anselmi akavuta kigoda, akakaa chini ya ngazi.

"Mzee wangu, kusanya mbao zako. Sikufukuzi kwa ubaya, lakini mnyama akiondoka, na wewe unaondoka."

"Na asipoondoka?"

Abdulhamid akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Huyu akitokeza tena kwenye chokaa hii, kaa hapa mpaka uzikwe. Watu wote hawa mashahidi."

"Mimi sisogei," mzee akasema. "Paka. Ila hapo kwenye kona umeruka. Na kupaka mara moja hakutoshi, chokaa inataka mikono mitatu."

Watu wakaona basi, uzee umemwingia kichwani. Siku tatu Abdulhamid alipaka, na siku tatu yule mzee alimwonyesha kwa fimbo: pale chini bado, pale pembeni kumepauka, rudia. Ukuta ukawa mweupe kama kanzu ya Idi. Kakakuona hakuonekana hata kivuli. Salma alimpa mzee chai bila kumtania, na siku hiyo hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Abdulhamid akampa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili awe kashahama.

Ijumaa ikafika. Watu wanatoka msikitini, Abdulhamid yuko ukutani na mtu wa matangazo, wanapima kwa futi. Wingu likatokea upande wa Feri, jeusi, na kabla mtu hajafunika meza yake ikashuka mvua ile ya kupiga mabati mpaka husikii unachosema.

Wa kwanza kuona alikuwa yule mtu wa futi. Chokaa ikateleza kwenye pua. Kisha kwenye kucha. Kisha magamba, moja baada ya jingine, yakatoka mekundu, yakatoka njano, yanang'aa, na panga, na unga, na bakuli la maji. Kwingine kote, kwenye plasta isiyoguswa na mshumaa, ukuta ulibaki mweupe pee. Kakakuona yule hakuwahi kupendeza namna ile.

Abdulhamid kasimama, maji yanamtiririka kwenye ndevu.

Mzee Anselmi hakusogeza hata kigoda.

"Salma, mwanangu, njoo uone wali," akasema. "Na mpishi mpe chai, kalowa."