Spika Kwenye Kona

Bi Zuwena alimwita fundi Hamdani kwa sababu redio yake ya kaseti ilikuwa na sauti kali isiyo na besi, ile sauti nzito ya chini. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kitanda na kabati vimekijaza. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Aliishusha spika ya redio kutoka mezani, akaisukuma sakafuni mpaka kwenye kona.

"Besi inapenda kona, mama, kuta huikuza," alisema. "Hebu nipe wimbo unaoujua vizuri."

Bi Zuwena alimpa kaseti ya bendi ya marehemu mumewe, Mbaruku, aliyekuwa mpiga gitaa la besi. Wimbo ule alikuwa ameusikiliza kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kulisikia gitaa la mumewe ndani yake. Enzi za uhai wake, alizoea kumtania kwamba wenzake walimbeba tu. Mbaruku alikuwa akicheka, kisha akiinamia gitaa lake.

Wimbo ulipoanza, vikombe vililia kabatini. Sauti nzito ilitembea chini ya waimbaji bila haraka, ikiwangoja walipochelewa, ikiwainua walipochoka. Bi Zuwena alishika ukingo wa kitanda.

"Nani huyo?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Huyo ndiye mwenye wimbo, mama. Wengine wote wanamfuata yeye."

Alipiga magoti sakafuni. Fundi alishtuka, akanyoosha mkono apunguze sauti.

"Usiguse!" Bi Zuwena alipiga ukelele. "Mwache apige!"

Alisogea kwa magoti mpaka kwenye kona, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika. Kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka chini ya vidole vyake, kama kifua cha mtu.