Kifungo cha Shati

Katika filamu ya kutisha ya vijana wa Mbegani, Bi Mwanamvua alipewa kazi moja tu: akae kibarazani ashone kofia, na maiti wa mwanajeshi akitokea, apige yowe akimbie.

Maiti, ambaye ni mjukuu wake, akatokea nyuma ya banda la kuku akiburura mguu, uso mweupe pe kwa unga wa muhogo.

Bibi hakupiga yowe. Alikuwa analitazama shati alilovaa maiti. Lilikuwa la mumewe, lililobaki sandukuni likisubiri kifungo cha pili tangu alipokwenda vita vya Kagera asirudi.

“Kimbia, bibi!” maiti akanong’ona. “Tunarekodi!”

Bi Mwanamvua akainuka na sindano yake, akamshika ukosi.

“Simama wima nikutie kifungo,” akasema. “Siku ile ulikuwa na haraka.”