Kibao cha Mzee Shebughe

Nasiche, ofisa wa wafadhili wa chuo kikuu, alikuwa ameketi sebuleni kwa Mzee Shebughe, amepakata kibao cha shaba kilichofungwa kwa kanga. Mkurugenzi mpya wa chuo, mtu wa biashara ya saruji, ndiye aliyemtuma: "Mfadhili ni mteja, dada. Akague jina lake mwenyewe." Mzee Shebughe alikwisha kuandika wasia kwamba siku akifa, nyumba yake iwe ya chuo.

"Fungua basi, mwanangu, nijione!" mzee alicheka, akimmiminia chai.

Nasiche akachungulia kwanza. Jina lilikuwa sawa, na mwaka wa kuzaliwa pia. Kando yake ulikuwa umechongwa mwaka wa kufariki: mwaka huu huu.

"Hodi!" Mkurugenzi alisimama mlangoni, keki mikononi.

"Karibu, karibu!" mzee aliitikia kwa furaha.

Nasiche akakaza fundo la kanga.