Injini ya Bei Nafuu

Foleni ya ndoo za mahindi ilikuwa imefika barabarani, na Bi Tunu aliitazama kama anayeona mafuriko yakija mlangoni.

"Mama, washa! Leo utatajirika!" mteja mmoja alimtania.

Ndani ya kibanda cha kusagia, fundi Mazengo alichutama kando ya injini kuukuu. "Dada, kila ndoo unayosaga, hela ya dizeli inapita unachotoza. Si nilikwambia ununue ile ya umeme?"

"Ile ilikuwa bei mara mbili! Nami nilikuwa na shamba moja tu la kuuza."

"Basi pandisha bei."

"Wateja wahamie kwenye mashine ya jirani? Wanangu wale nini?"

"Na ukisaga hivi hivi, watakula nini?"

Bi Tunu aliinua dumu la dizeli. Siku ile dukani aliuliza bei tu, hakuuliza injini itakunywa kiasi gani. Muuzaji naye hakusema, na wauzaji huwa hawasemi.

Alimimina dizeli ya mwisho, akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikawaka. Nje wanawake walipiga vigelegele, wakaanza kusogeza ndoo zao mbele kwa miguu.