Magugu ya Meneja

"Yamerudi," Oyugi alisema. Alikuwa amepiga magoti katikati ya nyasi za meneja, kisu mkononi.

"Yamerudi na nini, na basi?" Phelix, meneja mwenyewe, alimuuliza. "Mwezi jana hapa palikuwa safi. Angalia sasa."

Oyugi aliangalia. Maua ya njano yalikuwa yametapakaa kutoka getini mpaka verandani, yamenawiri, hayana habari kwamba yanamkosesha meneja usingizi. Vilima vyote kuanzia pale mpaka macho yanapokoma vilikuwa chai, na chai yote ilikuwa chini ya Phelix. Lakini vita vyake vilikuwa na gugu moja la uani, lile ambalo ua lake likizeeka hugeuka pamba nyeupe, na upepo ukipita kila uzi unakwenda kuanzisha boma lake.

Mwaka huo wa tisini na sita kampuni ilikuwa inapunguza watu. Oyugi alishapunguzwa kule kwa wachumaji, na Phelix, kwa ile huruma yake inayojulikana, akamchukua ang'oe magugu. Masharti yalikuwa rahisi. Magugu yakiisha, Oyugi anatoka kwenye nyumba ya laini, zile za safu ambazo kampuni huwapa wafanyakazi, na kurudi kwao Seme na mke na watoto. Yasipoisha kabla wakubwa wa Nairobi hawajafika, anatoka vilevile. Phelix aliona hiyo ni haki kabisa.

Mtu pekee aliyelipenda gugu hilo alikuwa mama yake Phelix. Mama Elmina aliletwa kutoka Seme baada ya kufiwa na mumewe, akapewa chumba chenye zulia na televisheni, na televisheni ilizungumza Kiingereza. Wajukuu pia. Mkaza mwanawe, Celine, alishinda ofisi ya kiwanda. Cherotich, msichana wa kazi, alikuwa mpole sana, lakini alijua Kijaluo kwa kiasi kile kile Mama Elmina alichojua Kikipsigis, yaani salamu. Phelix mwenyewe alimpenda mama yake mno; ofisi nzima ilijua, kwa sababu aliwaambia. Kila asubuhi alimjulia hali akiwa na mguu mmoja ndani ya gari.

Basi mama alishinda uani, akimwonyesha Oyugi kwamba ile ni mali, si gugu. Yeye aliliita achak, kama mboga chungu ya kwao. Majani aliyachemsha kwa maziwa kupunguza uchungu, akampa Celine, ambaye alionja kijiko kimoja kwa heshima kisha akakumbuka ana simu ya kupiga. Utomvu alimpaka Cherotich kwenye chunjua, na chunjua ikanyauka, au labda ilikuwa imechoka yenyewe. Mizizi aliikaanga, akaisaga, akamtengenezea mwanawe kahawa. Kahawa, katika nyumba ya meneja wa chai. Phelix aliimwaga kwenye sinki huku akichungulia dirishani, kama mtu anayemwaga chang'aa askari wakiwa mlangoni.

"Na hii pamba?" Oyugi aliuliza siku moja. Alikuwa ametundika kabuti lake verandani, jua limetoka, na mama alikuwa anakusanya vile vichwa vyeupe ndani ya foronya.

"Ya kujaza mto. Shingo yangu haisikizani na sponji ya Celine."

"Itachukua muda kujaa, mama."

"Sina haraka. Hebu endelea, uliishia wapi? Yule jirani yenu aliyetoroka na mabati ya kanisa."

Oyugi aliendelea, kisu kikifanya kazi na mdomo pia, na mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Foronya ile haikujaa wiki hiyo, wala iliyofuata.

Phelix alikuwa na digrii, na digrii ilimwambia kwamba gugu haliongezeki huku linang'olewa kila siku. Kuna mtu analipanda. Na ni nani anayefaidika magugu yakibaki, kama si yule anayelipwa kuyang'oa? Alijisikia vizuri sana alipofika hapo. Jumamosi jioni alimwita Kipyegon, askari wa geti.

"Kesho utakuwa shahidi wangu. Nikimshika Oyugi anapanda, anatoka laini siku hiyo hiyo."

"Ako na watoto, bwana."

"Angefikiria hao watoto mapema."

Jumapili mama alisema magoti yake hayawezi viti vya kanisa. Phelix aliwashusha Celine na watoto kanisani, akaacha gari kiwandani, akarudi kwa miguu kupitia kwenye chai pamoja na Kipyegon, suruali ya suti imelowa umande mpaka mapajani. Walijibanza nyuma ya ua wa kayaba.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Katikati ya nyasi kulikuwa na mtu amepiga magoti, amevaa kabuti la Oyugi, kofia yake imefunika kichwa. Mkono ulitoka, ukapanda hadi mdomoni, na pamba nyeupe ikaruka juu, ikatua taratibu juu ya nyasi safi.

"Unaona?" Phelix alinong'ona.

"Naona, bwana," Kipyegon alisema kwa uchungu. Oyugi alikuwa rafiki yake.

Phelix aliruka ua kama kijana wa shule. "Nimekushika leo! Kufika jioni nyumba ya kampuni iwe wazi, umesikia?"

Kofia ya kabuti iligeuka. Mama Elmina alikuwa na foronya wazi mapajani na mashavu yaliyojaa pumzi. Alimaliza kupuliza kwanza. Kipyegon akaanza kuangalia chai.

"Oyugi amekaribia kuyamaliza," mama akasema. "Akienda, utaongea na mimi wewe?"